Jibu la Sheikh Ghiyathi Juu ya Kilemba

"Shauri la Kicheko Kilichozuka Katika Soko la Ngozi Bila Idhini ya Msimamizi Wake." Kwa jina hilo shauri hili lilifikishwa kwa kadhi.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu aliishi mja mwema, Sheikh Ghiyathi, Mola amrehemu, aliyefundisha vijana kupigana kwa upanga. Sharti la uwanja wake lilikuwa moja: hurudishi pigo mpaka uwe umelikinga la mwenzako. Aliyetangulia kupiga aliketishwa ukutani, akawatazama wenzake hadi adhuhuri. Vijana wakaichukua tabia hiyo mpaka barazani. Ukimtupia mmoja wao neno, hulipokea kwanza, kisha hulirudisha limenolewa. Watu wakawa wanasema kwamba ndimi kali za mji ule zimezaliwa uwanjani kwa Sheikh, na kwamba ulimi wa Sheikh mwenyewe ndio mama yao.

Siku moja msimamizi wa soko, Nusairi bin Jabala, alipita na kilemba kipya cha kijani, kikubwa kama kapu. Alipomwona Sheikh akapaza sauti: "Maskini Sheikh! Kilemba chako kidogo. Au ndicho kipimo cha elimu?"

"Kichwa kilichojaa, bwana," akajibu Sheikh papo hapo, "hakina haja ya kuongezewa kitambaa."

Soko zima likaangua kicheko.

Nusairi hakucheka. Alikuwa mtu wa kushuku. Hata akipewa salamu hujiuliza kwa nini. Mbele ya kadhi alisema: "Jibu la upesi namna ile halizaliwi palepale. Limeandaliwa. Na watu waliocheka pamoja wamepangana pamoja. Uwanja ule ni kiota cha fitina. Naomba ufungwe, na huyu atolewe mjini."

Sheikh hakuwa na kazi nyingine wala mji mwingine. Akaomba fimbo mbili, akamtaka askari wa mlangoni ampige apendavyo. Kila pigo lilikingwa na kurudishwa kabla askari hajavuta pumzi, ncha ikasimama kooni pake.

"Ewe Kadhi, mapigo haya niliyaandaaje, hali sikujua ya askari huyu yatatokea wapi? Na ulimi ni vivyo hivyo."

Kadhi akaridhika, akamgeukia karani aandike kwamba shauri limefutwa. Sheikh akajiona ameshinda, na ushindi ule ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Ngoja, ewe Kadhi," akasema. "Kuhusu fimbo nimesema kweli. Kuhusu kilemba, msimamizi ana haki ya kunishuku. Jibu lile nilikuwa nalo tangu Ijumaa alipokivaa mara ya kwanza. Nililinoa hata ndani ya sala, nikingoja tu aniguse. Sikukinga pigo. Nilimvizia."

Nusairi akaruka. "Sikusema? Na wenzako katika njama hii?"

"Mmoja tu. Ibilisi."

"Andika!" Nusairi akamwamuru karani. "Andika na anakoishi!"

Kadhi akainama kuficha uso wake. Akahukumu uwanja ubaki wazi, na Sheikh aombe radhi palepale sokoni, mbele ya walewale waliocheka.

Sheikh akaenda, akaomba radhi. Nusairi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Vipi, Sheikh, leo ulimi umeusahau nyumbani?"

Ilikuwa nafasi wazi kama lango la mji. Soko lote likawa linangoja. Sheikh akalipokea neno lile, wala hakulirudisha.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Nusairi akaondoka akiligeuzageuza jibu hilo, akitafuta mtego ulio ndani yake. Sheikh naye akarudi uwanjani, akaketi ukutani, akawatazama wanafunzi wake hadi adhuhuri.

Ndugu katika imani, pigo lililokingwa humwonyesha mtu mkono wake. Lile aliloliweka tayari humwonyesha moyo wake. Ama shauri lile, ukilivua jina lake refu, lililotokea ni hili: mtu mmoja alivaa kilemba kizuri, na mwingine akakitamani.