Waitikiaji wa Nyuma ya Minyaa

Wapendwa, kabla kwaya haijasimama, nipeni masikio yenu kidogo.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeanika nyuzi kwenye shamba la mkonge, enzi zile mashamba yalipokuwa ya wazungu. Bwana shamba, mzungu mwenye mkonge ule, alikuwa na kisima ndani ya ua wa minyaa uliozunguka nyumba yake, maji meupe, maji baridi, na mtu mweusi hakuruhusiwa kuyachota. Wafanyakazi walichota mferejini, chini ya kiwanda, maji ya kijani yanayowasha koo. Mwanamke huyu alikwisha kuzika mtoto kwa maji yale. Sasa wa pili alikuwa mgongoni, naye ameanza kuharisha.

Basi akaimba. Akianika alitupa mstari mmoja: "Mvua iliyojaza kisima ni ya nani?" Kisha akanyamaza. Si mnajua desturi ya nyimbo za kazi? Mmoja hutupa, wengi hudaka. Na wenzake walidaka: "Ni yetu sote!"

Bwana shamba aliusikia wimbo huo kwa mbali akaupenda, bila kuuliza maneno yake. Akamwita.

"Mama, Jumamosi kuja imba. Wageni yangu nataka sikia."

"Nije na wenzangu, bwana?"

"Hapana. Wewe tu."

Wenzake wakamcheka. "Shoga, leo unakula biskuti! Tufungie hata moja kwenye kanga."

"Biskuti acheni," akasema. "Njooni msimame nyuma ya minyaa. Nikitupa, dakeni. Sauti nyingi vile, wageni watauliza tunasema nini. Na wakiuliza, nitawaambia habari ya maji."

"Tutadaka mpaka minyaa ipukutike!"

Jumamosi ikafika. Akasimama barazani, mtoto mgongoni, akatupa mstari wake. Akanyamaza.

Kimya.

Nyuma ya ua walikuwepo, wote. Lakini nyapara, msimamizi wao wa kazi, naye alikuwepo, mikono nyuma, akiwatazama mmoja mmoja. Akatupa tena mwanamke yule, sauti ikapanda, ikatetemeka, ikangoja. Ndugu zangu, mmewahi kungoja hivyo?

"Wewe sahau?" akauliza bwana shamba.

"Sijasahau, bwana. Sehemu iliyobaki si yangu."

Ndipo sauti moja ikajibu: "Ni yetu sote!"

Haikutoka nyuma ya minyaa. Ilitoka mlangoni, kwa mpishi, sinia la vikombe mkononi. Mpishi! Yeye peke yake kati ya weusi wote aliyekunywa maji ya kisima kile kila siku. Kiu haikuwa yake. Alifukuzwa kabla chai haijapoa.

Wageni wakauliza kweli, na mwanamke akawaambia. Wengine walitazama viatu vyao. Maji hayakutolewa siku ile. Alimshukuru mpishi kwa macho, kisha macho yakarudi kwenye minyaa, yakabaki huko.

Wapendwa, popote mtu alipodharauliwa kwa rangi ya ngozi yake, wimbo ulitangulia haki, na kila wimbo ulihitaji waitikiaji. Sisi tukisikia habari hizi hupenda kujifananisha na yule mwanamke. Jamani! Sisi tunao ua wetu. Tunaye binti wa kazi mwenye kikombe chake peke yake, kimewekwa kando ya vyetu. Tunaye jirani tunayemcheka kwa weusi wake, kisha tunasema ni utani. Tunakunywa maji meupe, tunajua nyapara anatutazama, tunanyamaza.

Kuna mtu ametupa mstari asubuhi hii, hapa hapa mtaani kwetu. Amenyamaza. Msidhani amesahau maneno.

Anatusubiri sisi.