Rakaa Mbili za Dhakwani

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Sarwana, mji wa wafumaji wa sufi ulio nyuma ya milima, aliishi mtu mchamungu akiitwa Dhakwani bin Yusri. Alitoka nyumbani kwake kwenda kuhiji, akamwambia mkewe, Bi Nufaisa, kwamba angerudi baada ya mwaka mmoja. Alirudi baada ya miaka kumi na saba.

Si uasi uliomchelewesha. Alipomaliza Hija alisikia kwamba Misri yupo mwanachuoni mkubwa, akaenda kumsikiliza. Huko Misri wakamsifia Maghribi, na Maghribi wakamsifia Andalusi. Kisha akageuka, akashika njia ya Hindi, na kutoka Hindi akafika Sini, nchi ya Wachina, ambako jua huchomoza watu wa Sarwana wakiwa bado wamelala. Kila alipokutana na msafara uelekeao kwao alituma salamu, na baadhi ya salamu hizo zilifika. Bi Nufaisa alifuma sufi, akamuuguza mama mkwe wake mpaka akamzika, wala hakuna aliyemsikia akinung'unika. Wakimuuliza, "Mumeo yuko wapi?" alijibu, "Yuko katika ardhi ya Mola wake," akaendelea kufuma.

Siku aliyorudi, mji mzima ulitoka kumlaki. Lakini Dhakwani mwenyewe alikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla, asiyejua ni asubuhi au jioni. Alipoamka alinyoosha mkono kutafuta ukuta mahali pasipo na ukuta. Alimwamkia jirani kwa maneno ya watu wa Hindi, na jirani akaitikia "Amina" kwa kudhani ni dua. Watu walipomzunguka awasimulie, alianza na mto wa Sini, na kabla hajafika mbali akagundua kwamba daraja analolieleza liko Andalusi. Alinyamaza. Wao wakadhani ananyamaza kwa unyenyekevu.

"Sisi wengine, ewe Dhakwani," alisema Mzee Tufaili, muadhini wa msikiti, "safari yetu ndefu ni ya kutoka kisimani hadi msikitini, na hata hiyo magoti yanailalamikia. Basi tuambie jambo moja tu. Huko Sini, watu wanapiga chafya kama sisi?"

"Wanapiga."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi nao."

Watu walicheka, na Dhakwani akacheka pamoja nao. Lakini moyoni alijiuliza: hivi niliwahi kumsikia Msini akipiga chafya, au nimejibu tu?

Lililomtatiza zaidi lilikuwa nyumba yake. Mlango ulikuwa umehamishiwa upande wa bonde. Kitanda cha mama yake hakikuwapo. Na yule mwanamke mwenye mvi aliyemwandalia chakula, aliyejua bila kuuliza kwamba hapendi chumvi nyingi, alikuwa mkewe, na Dhakwani hakujua amwambie nini. Alimshukuru kwa adabu, kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji wake.

Sasa, kama tujuavyo, msafiri ameruhusiwa kupunguza sala ya rakaa nne akaisali mbili. Na msafiri akitangulizwa kuwasalisha wenyeji, hutoa salamu baada ya rakaa ya pili, akawageukia na kuwaambia, "Timizeni sala zenu, mimi ni msafiri." Nao huinuka kukamilisha zilizobaki. Dhakwani alikuwa ameyasema maneno hayo katika misikiti isiyohesabika kwa miaka kumi na saba. Siku nane za mwanzo pale Sarwana alisali nyuma ya imamu wa mji, na anayesalishwa humfuata imamu wake, kwa hiyo hakuna kilichoonekana. Siku ya tisa imamu akashikwa na homa. Ilipofika Adhuhuri, Mzee Tufaili alimshika Dhakwani mkono, akamsogeza mbele.

Alisali rakaa mbili. Akatoa salamu kulia na kushoto. Akawageukia watu wa mji wake, ndugu wa baba yake, watu aliocheza nao utotoni, na wake zao nyuma ya pazia la sufi, akasema kwa sauti iliyotulia, "Timizeni sala zenu, mimi ni msafiri."

Kisha mmoja akainuka, na wengine wakamfuata, wakakamilisha. Dhakwani alibaki ameketi, maneno yake mwenyewe yakimrudia kama yamesemwa na mtu mwingine.

Sala ilipokwisha, alitarajia kulaumiwa. Badala yake Mzee Tufaili alimjia machozi yakimtiririka ndevuni.

"Umetupiga mahali penyewe, yaa Sheikh," alisema. "Sisi tumejenga, tumefuma, tumejisahau. Wewe ukatukumbusha kwa neno moja kwamba sote tu wapita njia hapa duniani. Nimeadhini miaka thelathini, sijasikia mawaidha mafupi kama haya."

Wengine walimbusu mkono. Wakubwa wa mji wakanong'onezana, kisha wakamwambia kwamba kuanzia Ijumaa wanataka aketi msikitini awafundishe. Dhakwani alifungua kinywa kuwaambia kwamba hakukusudia mawaidha yoyote. Watu walikuwa wengi, na mikono yao ilikuwa na joto. Akakifunga.

Alipofika nyumbani alimkuta Bi Nufaisa amekaa sakafuni, anapanga mikate mikavu ya akiba ndani ya mkoba wa safari wa mumewe.

"Mikate hii ya nini, binti wa ami yangu?"

"Ya msafiri," alisema Bi Nufaisa. "Imekauka vizuri. Haitaota ukungu mpaka mwezi uandame."

"Nani amekwambia nasafiri?"

"Wewe. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikatimiza sala yangu kama ulivyotuamuru, nikaja kufunga mkoba. Safari iliyopita uliondoka bila mkate wa kutosha, nimeliwaza jambo hilo miaka kumi na saba."

"Ulimi uliteleza tu, Nufaisa."

Mkewe aliweka chini mkate alioushika. "Uliteleza, au ulisema kweli? Maana huko njiani nimewapita watu wanalia, wanasema ulikuwa unawaidhi. Ni jambo moja kati ya matatu, mume wangu, haiwezekani yawe yote. Niambie lipi, nijue kama nifunge au nifungue."

Dhakwani alitafuta jibu. Akisema aliteleza tu, moyo wake ungejua kwamba ni nusu ya ukweli. Akisema alimaanisha, angemvunja mtu aliyemngoja kwa subira isiyo na mfano. Lakini hilo la tatu, la mawaidha, lilikuwa jepesi na tamu. Mji ungemheshimu, mkewe angetulizwa, mikate ingerudi jikoni. Wala hakutakiwa kusema uongo, bali kunyamaza tu. Alikaa na jambo hilo, akiligeuza huku na huku, na kila alipoligeuza alizidi kupotea, mpaka Mzee Tufaili akaadhini Alasiri.

Aliondoka bila kumjibu. Bi Nufaisa alichukua shela yake, akamfuata kwa mbali.

Msikitini walimtanguliza tena. Dhakwani hakuielekea kibla. Alisimama akiwaelekea watu.

"Enyi ndugu zangu," alisema, "yale ya Adhuhuri hayakuwa mawaidha. Nilisahau nilipo. Nimerudi katika mji wangu, na anayerudi mjini kwake si msafiri tena, hana ruhusa ya kupunguza. Sala niliyosali haikutimia, nami niliwasalisha hali hiyo. Nitairudia, nanyi rudieni. Mmenibusu mkono kwa kosa."

Mzee Tufaili alipangusa ndevu zake, ingawa zilikuwa zimeshakauka. "Yaani mimi nimelia bure?"

"Machozi yako ni ya kweli, mzee wangu. Mawaidha ndiyo hayakuwapo." Kisha sauti ikampungua. "Na kuna jingine, ambalo anastahili kulisikia aliye nyuma ya pazia. Si ulimi peke yake ulioteleza. Miguu yangu imefika, lakini mimi sijui niko wapi. Sikukusudia kuondoka, wala sijajua kukaa. Hilo ndilo jibu langu. Ningekuwa na lililo bora zaidi ningelitoa."

Mara hii hakuna aliyembusu mkono. Habari ya kufundisha haikutajwa tena. Walirudia Adhuhuri, kisha mzee mwingine akawasalisha Alasiri.

Bi Nufaisa alitangulia kufika nyumbani. Dhakwani alimkuta anaitoa mikate mkobani, anaivunjavunja ndani ya mchuzi.

"Sijakuambia kwamba nitakaa," alisema kwa unyonge.

"Umeniambia kweli. Siku nane umenishukuru kama mtu wa nyumba ya wageni, leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia kitu. Kaa ule. Ni mikavu, itafune vizuri."

Inasemekana kwamba tangu siku hiyo, kila alipotoka kwenda kusali Adhuhuri, Alasiri au Isha, alisimama mlangoni akauliza, "Ngapi?" Naye mkewe, akiwa kwenye sufi yake, hujibu bila kuinua uso, "Nne, mume wangu." Majirani walifanya mzaha juu yake. Hakujali, kwa kuwa siku nyingine kweli hakujua.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha ndugu yake Bi Nufaisa akaugua, katika mji ulio mwendo wa siku tatu, wakaenda pamoja kumzuru. Adhuhuri ya siku ya pili walisimama jangwani kusali, na Dhakwani akauliza kama kawaida, "Ngapi?"

"Mbili," alisema Bi Nufaisa. "Tumetoka nyumbani."

Akasali mbili, akatoa salamu, akabaki ameketi juu ya mchanga. Alijikuta anageuka kuitazama njia waliyojia, akihesabu ni siku ngapi mpaka warudi.

Ndugu zangu katika imani, mtu huweza kufika kabla moyo wake haujafika, na kuchanganyikiwa si dhambi. La kuogopwa ni kuuvika mkanganyiko wetu joho la hekima kwa sababu watu wamelipenda. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi unaothubutu kusema "sijui", na atujaalie nyumbani mtu atakayelipokea neno hilo kwa subira.