Dawa Zimeisha, Kanunue Ng'ambo

Bibi Mwanahija alisukuma kadi yake ya bima ya wazee dirishani, akaomba dawa za presha.

“Zimeisha,” alisema Mbwilo, mfamasia wa hospitali. “Kanunue duka la ng'ambo ya barabara. Ila kadi hawapokei, ni taslimu tu.”

Bibi akajikongoja hadi nje. Baada ya muda akarudi.

“Mjukuu wangu, wanasema hata wao hawana.”

“Waongo hao!” Mbwilo alifoka. “Jana tu nimewapelekea boksi mbili kutoka stoo hii hii!”

Foleni nzima ya wazee ikamkodolea macho. Mbwilo akaingia stoo, akatoka na dawa za miezi mitatu.

“Bibi,” mzee mmoja alimnong'oneza, “kule dukani ulimkuta nani?”

“Dukani? Mimi nilikwenda kukojoa.”