Maneno Aliyoyakataa Dagny

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi bali zamani ya taipureta na meli za moshi, katika nchi ya Denmark palikuwa na mwandishi aliyeitwa Evald Torsager. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Evald aliandika kwa mtindo mpya. Sentensi alizikata katikati, hadithi aliianzia mwishoni, na mambo ambayo wenzake wangeyaeleza sura nzima yeye aliyaruka. Wazee wa mji walisema ana kichaa. Vijana walisema huo ndio usasa wenyewe. Tena alikuwa na tabia yake: akishaandika ukurasa kwa mkono, mkewe Dagny aliupiga taipu, kisha ule wa mkono ukatiwa jikoni ukaungua. "Mwandishi anayetunza rasimu ni mwoga," alisema. Basi Dagny alipiga taipu, jiko likala karatasi, na maisha yakaenda.

Walikuwa na mtoto mmoja, Asger. Dondakoo likamshika angali mdogo. Baba yake alikuwa Kopenhagen, akibishana na waandishi wenzake kama riwaya imekufa au bado. Dagny alikaa kitandani na mtoto peke yake. Kabla hajakata roho, Asger alimwambia mama yake maneno machache. Evald aliporudi, Dagny alimsimulia maneno yale, kwa kuwa naye ni baba. Alimwambia mara moja tu, hakurudia.

Mwaka haujaisha, Evald akaanza riwaya juu ya mtoto anayekufa. Dagny akaipiga taipu, akijikaza, mpaka akafika pale kitandani. Akayakuta maneno ya Asger kwa mwandiko mzuri wa mumewe, na mwisho wake alama ya mshangao.

Alama ya mshangao! Mtoto hakupiga kelele; koo lilikuwa limeziba, sauti ilikuwa imekwisha. Dagny alikasirika. Hakuyapiga yale maneno. Alibonyeza kitufe cha nafasi, akabonyeza tena, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa ukaisha mweupe. Ule wa mkono ukaenda jikoni kama kawaida. Evald hakuwa na subira ya kusoma kazi yake mara ya pili, akaupeleka mswada kwa wachapaji bila kuutazama.

Huko kwenye kiwanda cha uchapaji palikuwa na mpanga herufi, Holger Brix. Msimamizi akamwambia, "Ziba hilo pengo. Karatasi ni ghali."

Holger akajibu, "Bwana, mtu hapigi ukurasa mzima wa nafasi kwa bahati mbaya." Akauacha vilevile. Kitabu kikatoka, naye akapigwa kalamu. Akaishia bandarini kubeba makaa ya mawe.

Wahakiki waliulilia ule ukurasa. Waliandika kwamba hakuna aliyewahi kukieleza kifo namna ile. Evald alipouona, alifungua mdomo kumgombeza mkewe, kisha akasoma magazeti, akaufunga. Tangu siku hiyo kila aliyemuuliza alimjibu, "Pengo lile nililifikiria muda mrefu."

Dagny akamwacha. Akapanga chumba nyuma ya banda la kukaushia samaki kwa moshi, ukuta ukitoka maji majira ya baridi. Kifua kikamwanza. Daktari hakumficha: majira mengine ya baridi katika chumba kile, na atakufa.

Ndipo serikali ikatangaza kutoa Nyumba ya Heshima, nyumba ya matofali, kavu, yenye joto, aliyeipa nchi ukurasa ule akae humo hadi kufa kwake. Ukurasa, hawakusema kitabu. Mwenye dai na aje aseme mbele ya watu. Dagny akavaa koti, akaenda. Holger naye akaja, masizi yangali kwenye kucha. Ufunguo uliwekwa mezani.

Evald akasema, "Kurasa zote zinazouzunguka ni zangu. Uchaneni ukurasa ule peke yake, mpelekeeni muuza siagi, atafungia siagi. Na mtoto alikuwa wangu pia."

Dagny akasema, "Evald alitaka kelele. Mimi nilinyamaza. Ningemtii, leo msingekuwa hapa."

Holger akasema, "Hawa wawili walikuwa na ugomvi wao wa nyumbani. Mimi nilitetea ukurasa wa watu nisiowajua, nikakosa mkate. Mwingine angeuziba, na pasingekuwa na cha kugombea."

Mwenyekiti wa kamati ya kuitoa nyumba ile, Bibi Ulrikke, akavua miwani. "Mwenye pengo anajua limeficha nini. Atakayetuambia maneno yaliyopaswa kuwa pale, achukue ufunguo."

Holger akainamisha kichwa. Hakuyajua.

Evald akasimama akitabasamu. Akafungua mdomo. "Alisema... alimwomba mama yake..." Tabasamu likaondoka. Akamgeukia Dagny mbele za watu wote. "Dagny, mke wangu. Mtoto alisemaje?"

Evald akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha uongo. "Niliyaandika," akasema. "Kitu nikishakiandika, kinanitoka."

Dagny aliyajua. Hata siku moja hayakuwahi kumtoka. Sentensi moja tu, na baridi ile isingemgusa tena. Alitaka kuishi; msidhani hakutaka. Akavuta pumzi. Hapo akaona waandishi wa magazeti wameinamia karatasi zao, wanamngoja. Akamwona na Evald, machozi bado mashavuni, ametoa kalamu mfukoni.

Dagny akakohoa kwenye leso, akaikunja haraka wasiione damu. "Sisemi," akasema, akakaa.

Bibi Ulrikke akautazama ufunguo, akawatazama wote watatu, asijue la kufanya. Nami simsaidii. Yupo aliyeandika akasahau, yupo aliyenyamaza na bado ananyamaza, yupo aliyelinda asichokijua. Nje theluji imeanza kuanguka. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, ushikeni huo ufunguo. Je, ni nani aliyestahili kulala katika nyumba ile?