Jicho la Mlangoni kwa Shaweji

Mchunguliaji haambiwi karibu. Raiya amemtupia kaka yake methali hiyo sasa hivi, kwa kuwa alikuwa akiisoma simu yake kwa nyuma ya bega, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Msidhani methali zote tulizirithi kwa mababu, wanangu. Hii ni changa kuliko wengi wenu. Ilianzia mtaa wa Kichangani, kwa mtu mmoja aitwaye Shaweji, nayo ilianza hivi.

Shaweji alikuwa mjumbe wa mtaa. Kila Alhamisi alasiri alivaa kofia yake akapita nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi, akangoja. Asipoitikiwa hata mara ya tatu aliondoka bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutokuwepo hata akiwa ndani. Akikaribishwa alikunywa kahawa na kusikia nani anaumwa, nani kagombana na nani. Aliyetaka kusema alisema, na aliyetaka kunyamaza alinyamaza.

Kisha vikaja vitambulisho vipya, vya alama za vidole na sura, na baada yake zikaja kamera. Moja ilifungwa juu ya mlango wa Shaweji mwenyewe, ikitazama uchochoro mzima. Ofisi ilimkabidhi kishikwambi na kumwambia, akimwona mgeni asiyemjua, abonyeze tu, mtambo utamtambua. Miguu yake sasa ingepumzika.

Miguu ilipumzika kweli, ila roho haikupumzika. Shaweji aliacha kuzunguka. Alishinda ndani na kile kioo mapajani. Mlango wa mtu ukifunguka alishtuka, ukikaa umefungwa alishtuka zaidi. Alikaa, akainuka, akakaa tena, kama mtu aliyekalia upupu. Watu nao walibadilika. Salamu zikawa fupi, wanawake wakaanza kupitia uani, na kadiri walivyompungukia kiooni ndivyo alivyozidi kujiuliza wanaficha nini. Alikuwa mjumbe mwema, nasema kweli, lakini wasiwasi ulikuwa umeshamla.

Adhuhuri moja, akiwa vivyo hivyo, alimwona kiooni mwanamke wa buibui akija pole pole. Alifika mpaka mlangoni kwake Shaweji, akafunua uso kama afanyavyo mtu aliyefika kwao, akainua mkono abishe. Kisha akatazama juu, akaiona kamera. Mkono ukashuka. Akajifunika upesi, akaenda kuingia kwa jirani, Bi Kiboga, mjane wa makamo. Wala hakutoka.

Shaweji aliirudia picha ile mara nyingi. Uso ulikuwa mwembamba, jicho moja limevimba. Hakumjua. "Mwenye nia njema hubisha," alijisemea. "Huyu kaghairi. Ana lake jambo." Angeweza kuvaa kofia akaenda kumuuliza Bi Kiboga, maana kuta zao zinagusana. Hakwenda. Alibonyeza.

Jibu lilirudi chai yake haijapoa. Mgeni ametambuliwa: Saumu binti Mwinyikombo. Ameripotiwa na mumewe kuwa ametoweka nyumbani. Mume ameshajulishwa alipo.

Mwinyikombo ni jina la baba yake Shaweji. Saumu ni dada yake wa tumbo moja, aliyeolewa mji wa mbali, miaka mingi hawajaonana. Kabla kamera hazijaja, alimpigia simu akilia, akamweleza jinsi mumewe anavyompiga, na jinsi kila akikimbia mtambo unavyomfichua. Akionyesha kitambulisho hospitalini, mume huyo kafika. Akiwasha simu, kafika. Shaweji alimjibu mwenyewe, kwa kinywa chake: "Acha simu, acha kitambulisho, njoo kwangu. Wewe bisha hodi tu."

Mtambo ulimtambua, kaka hakumtambua.

Alitoka bila viatu. "Hodi, Bi Kiboga! Hodi!"

"Nani?" sauti iliuliza nyuma ya mlango uliofungwa.

"Mimi, Shaweji. Nipishe nimwone dada yangu. Mumewe anakuja."

"Kajuaje kuwa yuko hapa?"

"Nilibonyeza. Sikujua ni yeye," Shaweji alisema.

"Alifika kwako," Bi Kiboga alisema taratibu. "Alikufunulia uso. Ila kabla hajatamka hodi aliona ameshatazamwa. Kaniambia, 'Nitangoja hapa. Alhamisi kaka atapita kubisha, nitamwambia mwenyewe.' Nimwambieje kuwa siku hizi hupiti?"

"Nimekosa, jirani yangu. Niambie yuko wapi nimfiche."

"Ukijua wewe, mtambo umejua."

"Bi Kiboga, nifungulie. Nakuomba."

"Zamani ungebisha, ningekwambia karibu. Mchunguliaji haambiwi karibu."

Mlango haukufunguliwa. Nyuma ya nyumba, ua hadi ua, wanawake wa Kichangani walikuwa wakimpitisha Saumu mahali ambapo kamera haioni. Mume alipowasili magharibi alimkuta Shaweji barazani. Alimwamuru aonyeshe kishikwambi. Kioo kilionyesha milango iliyofungwa tu. "Sijui aliko," Shaweji alisema, na ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimuuma kuliko kofi.

Saumu hakupatikana tena. Aliko sijui, na ningejua nisingewaambia. Shaweji alikirudisha kishikwambi ofisini, wakampa mtu mwingine. Kamera imebaki pale pale.

Siku hizi, kila Alhamisi, Shaweji huvaa kofia yake akazunguka. Nyumba nyingi humwitikia, wakamwambia tu, "Tupo." Kwa Bi Kiboga hubisha, akangoja. Ndani huwa redio inaimba. Sauti ya Shaweji ikisikika, redio huzimwa. Hubisha tena na tena, mpaka mara ya tatu, kisha huondoka ameinamisha kichwa. Watoto wa mtaa wakimwona hunong'onezana, wala hawamkosei adabu, wanasema tu walichokiona: mchunguliaji haambiwi karibu.