Kirusi Aliyenaswa Ndani ya Yai

Nitage, nisitage?

— Taga!

La moto au la baridi?

— La moto, tulipokee!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa, maana mbele kuna kuimba.

Hapo kale, kale ya kale, ndege walikuwa ndio kwanza wamepata manyoya. Mchana kutwa kazi yao kujitazama kwenye madimbwi. Na kila ndege alikuwa na wimbo mmoja mrefu tumboni mwake. Si wimbo wa kuwika, la! Wimbo wa kuumbia. Ubeti huu unaumba mdomo, ubeti huu unaumba ganda la yai, ubeti huu unaumba bawa. Mama akitaga, wimbo unaingia ndani ya yai, na kifaranga anauimba humo taratibu, ubeti kwa ubeti, hadi anakamilika. Halafu ko! ko! ko! Huyo nje!

Katika kijiji cha ndege hao aliishi kuku kijana, Bi Tembe. Mwembamba wa miguu, mwepesi wa kucheka, ulimi wake haujui kupumzika. Jirani yake alikuwa kanga, Bi Madoa, shoga yake wa kufa na kuzikana. Wakipekua jaa pamoja, wakisengenya majogoo pamoja, wakioga vumbi pamoja.

Siku moja akaja Kirusi.

Mnamjua Kirusi? Hamumjui, maana haonekani! Mdogo kuliko vumbi la vumbi. Hana nyumba, hana jiko, hana hata tumbo. Alichonacho ni wimbo tu, tena mfupi:

*Niimbe, niimbe, niimbe tena!*
*Koo likikauka, niimbe tena!*

Mnacheka? Ngojeni. Kirusi akamwingia Bata. Bata akausahau wimbo wake, akaimba wa Kirusi. Akaimba, akaimba, akaimba, puu! Chini. Na katika kila kikohozi chake wakatoka ndugu zake Kirusi, tele kama chawa. Kirusi akamwingia Njiwa. Akaimba, akaimba, akaimba, puu! Kisha akamwingia Bi Madoa.

Bi Tembe akaja mbio na maji.

"Shoga, nyamaza basi, unywe."

"Siwezi, Tembe," akasema Bi Madoa, sauti imekwaruzika. "Siyo mimi ninayeimba."

Jua la utosi lilimkuta amekwisha kufa. Bi Tembe akalia hadi manyoya ya kifua yakalowa. Hata machozi hayajakauka, akasikia mlangoni kwake:

"Hodi!"

"Nani?"

"Mgeni tu, mama. Sili, sinywi, sihitaji hata mkeka."

Bi Tembe akajua. Tumboni ana yai, kiotani ana mengine. Akimbie? Kirusi anasafiri na upepo. Apigane? Utampiga wapi asiyeonekana? Basi akafanya alichokizoea akiogopa. Akacheka.

"Karibu, bwana. Ila nakuonea huruma."

"Huruma? Mimi?"

"Bata yuko wapi? Njiwa yuko wapi? Shoga yangu yuko wapi? Kila anayekuimba anakufa, na wimbo wako unamfia kooni. Mimi wimbo wangu uliimbwa na nyanya, ukaimbwa na nyanya wa nyanya, utaimbwa na vifaranga wa vifaranga wangu. Umo humu ndani ya yai. Lakini usijali, wewe huna hadhi ya kuingia humo."

"Sina nini?"

"Hadhi."

Yalaa! Kirusi akavimba, nusura aonekane.

"Naingia!"

"Usiingie, bwana, nakuomba."

"Naingia!"

"Basi kaa pembeni. Usikae pale katikati, kati ya ubeti wa mdomo na ubeti wa ganda. Pale ni pa wakubwa."

"Papo hapo ndipo nitakapokaa!"

Tup! Akaingia.

Msidhani Bi Tembe alipona bure. Homa ilimshika, mayai ya kiotani yakaoza yote, akayalilia moja moja. Likabaki lile alilolitaga akiwa mgonjwa. Akalilalia akitetemeka, akiweka sikio, akiondoa sikio.

Ndani ya yai kifaranga alikuwa anaimba. Akaumba mdomo. Akafika kwa Kirusi.

"Niimbe!" Kirusi akaamuru.

Kifaranga akamwimba. Mara moja.

"Tena!"

"Haiwezekani, bwana. Wimbo ni mrefu na yai ni dogo. Sasa nashika ubeti wa ganda."

"Nimesema tena!"

Kifaranga huyo amekwenda, anaumba mabawa! Kirusi akatafuta mlango. Huku ubeti wa mdomo umembana, kule ubeti wa ganda umembana. Hatoki! Ko! ko! ko! Kifaranga akatoka mzima, ana macho mawili na njaa ya watu kumi. Bi Tembe akapiga vigelegele hadi homa ikaona haya ikaondoka.

Kifaranga akakua, akataga. Wanawe wakaimba, wajukuu wakaimba. Na nyie mnajua vifaranga na maneno. Ubeti wa mdomo waliuimba kwa makini, nani anataka kuzaliwa bila mdomo? Lakini wa Kirusi, aaa! Huyu anameza silabi, yule anapiga chafya katikati. *Niimbe tena* ikawa *nimbe tea*. *Nimbe tea* ikawa *mbe-te-tea*. Mwisho ikabaki *te-te-tea! te-te-tea!*

"Mnaniimba vibaya!" Kirusi akalalamika.

"Pole, babu," wakamjibu.

Babu! Alikuwa ameshakuwa wa ukoo.

Sasa sikilizeni. Ndugu zake wale wa kikohozi wakarudi, jeshi zima, wamepania. Wakafika kwa kitukuu wa Bi Tembe.

"Hodi!"

Ndani ikajibu sauti ya kizee: "Nani?"

"Sisi Kirusi. Tunaingia!"

"Mnaingia wapi? Kiti humu ni kimoja, na nimekikalia mimi!"

"Kaka! Ni wewe?"

"Kaka yenu nani? Mimi ni babu wa watu! Tokeni mlangoni, mnawaamsha watoto!"

Wakaenda nyumba ya pili. *Te-te-tea!* Nyumba ya tatu. *Te-te-tea!* Kila mlango mzee yumo, kakaa kitini, hataki mtu. Jeshi likaondoka likinung'unika. Si wote, wako wakorofi waliobaki hadi leo. Lakini siku ile hakuanguka hata kuku mmoja, na Bi Tembe, mzee sasa, alicheka hadi akadondoka kwenye ulingo wake.

Mnadhani babu alitulia? Thubutu! Kilembwe mmoja, mtoto wa kitukuu, jina lake Kishungi, akataga yai la buluu. Buluu, jamani! Mumewe Jogoo akalitazama kwa jicho la kulia, akalitazama kwa la kushoto.

"Kishungi, yai hili la nani?"

"Lako, mume wangu."

"Langu? Mimi mwekundu, wewe mweusi, yai rangi ya mbingu! Nani amepita hapa?"

Kijiji kikajaa. Kishungi analia, Jogoo anapiga mabawa. Bi Tembe akaletwa akichechemea. Akaweka sikio juu ya yai.

"Babu, umefanya nini?"

"Nimejinyoosha kidogo tu," ikajibu sauti ndani. "Mgongo umekufa ganzi. Nikagonga ubeti wa ganda, rangi ikamwagika."

Ndege wakacheka hadi bata wakameza matope. Majike wakaanza kugombana: "Na mimi nataka la buluu!" Jogoo akakohoa, akajikung'uta, akapanda juu ya ua.

"Mmeliona?" akawika. "Mmeliona yai langu?"

Kisha akashuka akalikalia mwenyewe, hataki mtu alisogelee, na Kishungi akaenda zake kuoga vumbi.

Hapo ndipo ngano yangu ilipochoka ikakaa kitako. Kama ni tamu, mgawieni jirani. Kama ni chapwa, nirudishieni mwenyewe niongeze chumvi.