Msikiti Usiokandikwa

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi wote uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba katika nchi za Sudani ya magharibi, kule mto mkubwa unapopinda kuelekea jangwani, alikuwapo sultani mmoja Mwislamu aliyeitwa Danfa. Usiniulize dhahabu yake ilikuwa kiasi gani, maana kila anayesimulia huongeza kidogo. Itoshe kusema kwamba farasi wake walivaa dhahabu ambayo wewe na mimi hatukuwavalisha wake zetu siku ya harusi.

Hakuwa dhalimu. Aliswali, alifunga, alitoa sadaka. Ila alikuwa na hamu moja iliyomkaa rohoni: aache nyuma yake nyumba ya Mwenyezi Mungu, ili akiwa kaburini watu wamwombee dua ndani yake. Wanawe walikuwa wakitazamana kwa jicho la urithi, naye alijua kwamba hao hawatamwombea.

Sasa sikiliza desturi ya mji ule. Msikiti wao wa zamani ulikuwa wa udongo, na kila mwaka kabla ya mvua ilibidi ukandikwe upya. Siku ya kukandika mji mzima ulitoka. Wanaume walikanyaga udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga, wanawake walibeba maji, na kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya ukuta, iliyorithiwa kwa mababu. Mtu aliweza kukuonyesha: hapa alikandika bibi yangu, na hapa mjomba aliyekufa vitani.

Sultani aliwaonea huruma. Akasema, "Watu wangu wanachafuka kwa tope kila mwaka, nami nina mali yote hii?" Akauvunja msikiti ule, na mahali pale pale akajenga mwingine wa matofali ya kuchoma, sakafu ya marumaru, kuta za nje zimepambwa mabamba ya dhahabu. Kisha akatoa amri: tangu leo mtu yeyote asiuguse ukuta huu. Alidhani amewapa zawadi. Na kweli, ukisikia habari hiyo kwa mbali, nani angesema siyo zawadi?

Mwadhini aliyewekwa pale alikuwa Mzee Sambala, mgeni kutoka mbali, hana mke wala mtoto, wala ukoo wenye ukuta katika mji ule. Aliadhini mara tano kwa sauti nzuri, kisha akashuka mnarani na kungoja. Mwisho akakimu na kuswali peke yake. Watu walikuwa wamejikusanya katika kijumba cha udongo kando ya soko, ndimo walimoswali. Sambala alisema baadaye kwamba kilichomuumiza zaidi ni kusikia sauti yake mwenyewe ikimrudia kutoka kwenye zile kuta.

Siku ya Ijumaa mambo yalikuwa mengine. Askari walipita mitaani kuwatoa watu majumbani, msikiti ukajaa mpaka mlangoni, na Sultani, asiyejua waliletwaje, akafurahi. Tena hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Kwa adabu za nchi ile, aliyefika mbele ya Sultani alisujudu, akajimwagia vumbi kichwani, na maneno yake akampa msemaji wa Sultani, bwana mmoja aitwaye Kebe, ndiye ayafikishe. Na Kebe alikuwa na ulimi wa asali. Maneno machungu yaliingia sikioni mwake yakatoka matamu. Alikwisha kumwonya mwadhini kwamba atakayesema msikiti wa Sultani ni mtupu, kichwa chake hakitalala juu ya shingo yake. Hivyo Sultani akazeeka bila kusemeshwa na mtu uso kwa uso. Mimi huwa namhurumia hapo kuliko popote.

Ikawa Sultani akashikwa na kikohozi kibaya, akahisi safari yake iko karibu. Alasiri moja akavaa kanzu ya kawaida, akatoka kwa mlango wa bustani peke yake, akaenda msikitini kuwasikia watu wakiswali bila kujua kwamba yupo. Wengi walikijua kilemba chake kuliko sura yake, kwa hiyo hakuna aliyemtambua njiani.

Alimkuta Mzee Sambala amesimama peke yake karibu na mihrabu. Mzee alipoona mtu anaingia, machozi yalimtoka.

"Karibu, ndugu yangu," alisema. "Leo namshukuru Mungu, nitaswali jamaa."

Akakimu, mgeni akasimama upande wake wa kulia, wakaswali wawili katika jumba lile kubwa. Baada ya salamu mgeni akakohoa, akainua mkono kujifuta, na Sambala akaiona pete ya ufalme. Akaanguka chini. Akapapasa sakafuni atafute vumbi la kujimwagia kichwani, asilipate, maana marumaru ile haikuwa hata na chembe ya vumbi. Tangu ilipofagiliwa Ijumaa, hakuna miguu iliyolileta.

"Acha, mzee mwenzangu," Sultani akasema. "Niambie tu. Watu wako wapi?"

Hapo mwadhini akakumbuka onyo la Kebe, akaigusa shingo yake. Akaona pia kwamba neno moja tu, kwamba leo wamekwenda mashambani, lingemwokoa. Lakini alikuwa bado yumo ndani ya nyumba ya Mungu, udhu wake haujatenguka, akaona haya kusema uongo.

"Hawaji, Maulana. Hawajawahi kuja ila Ijumaa, na Ijumaa huletwa."

"Nimewakosea nini?"

"Mwaka wa kwanza, siku ya kukandika ilipofika, alikuja mjane mmoja, Bi Tenin, na kapu lake la udongo. Askari wakamrudisha. Akawaambia, ukuta huu ni wa mama yangu. Wakamwaga kapu lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja."

"Mimi niliwapumzisha."

"Uliwapumzisha, Maulana, nao hawakuwa wamechoka."

Sultani aliitazama sakafu ile tupu. Kisha akauliza, "Nikiwaamuru waje?"

"Watakuja," Sambala akajibu. "Watakuja kama wanavyokuja Ijumaa."

Sultani hakumdhuru. Aliagiza mabamba yote ya dhahabu yabanduliwe na kugawiwa mafakiri, na askari wasiende tena mitaani kuwatoa watu. Siku ya kukandika ilipowadia, alikuja mwenyewe, amekunja kanzu, na kapu la udongo kichwani. Kebe alijificha kwa aibu. Watu walisimama mbali wakitazama. Wengine walisema ugonjwa umempanda kichwani, wengine waliogopa kwamba ni mtego. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri alikandika karibu na mlango, yeye na Sambala tu, akikohoa na kupumzika, na hakuna aliyesogea.

Jua lilipopinda, Bi Tenin akatoka kwenye umati na kapu lake. Hakusujudu, wala hakutafuta msemaji.

"Sogea kidogo, Baba," alimwambia. "Hapo ulipo ni pako, lakini hapa palikuwa pa mama yangu."

Sultani akasogea. Wakakandika bega kwa bega mpaka alasiri, na siku ile hakuja mwingine.

Sultani Danfa alifariki kabla mvua hazijakatika. Hakuwahi kuona safu hata moja ikijaa kwa hiari. Wanawe walipigania hazina mpaka ikaisha, mji wa kifalme ukatekwa, na kaburi lake leo halijulikani lilipo. Lakini mwaka uliofuata koo zilirudi moja moja, kila mmoja akitafuta kwa mkono mahali pa watu wake. Kile kipande alichokandika Sultani karibu na mlango hakikuwa na mwenyewe. Bi Tenin akamwita Mzee Sambala, aliyekuwa amesimama pembeni kama kawaida yake, akamwambia, "Hapa ni pako."

Ikawa desturi. Kila mwaka kipande kile huachiwa mgeni, yatima, na yeyote asiye na ukoo katika mji. Naye akimaliza kukikandika, huosha mikono na kusema, "Mwenyezi Mungu amrehemu aliyenitangulia hapa."

Basi dua aliyoitamani Sultani ilimfikia, nayo inatoka kwa wapweke wenzake. Mola atujaalie nasi tuache nyuma yetu mahali pa mtu mwingine kuweka mkono.